Kutoka diski hadi kadi: filamu zinaweza kumfundisha mtu Kiswahili?

Mtu wa Rubongi, nje kidogo ya mji wa Tororo, hahitaji kusafiri ili asikie Kiswahili. Kipo katika kambi ya jeshi iliyoko hapo, kwa kuwa jeshi la Uganda limekitumia tangu zama za King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Kipo Malaba na Busia kwenye mpaka wa Kenya, kwa madereva wa malori, wabadilisha fedha na waendesha bodaboda. Jina hilo la bodaboda lenyewe husemwa lilizaliwa Busia, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Kipo pia kwenye vibanda vya video, na kwenye flash zinazojazwa filamu za Dar es Salaam na vichekesho vya Nairobi.

Kukisikia ni jambo moja, kukimudu ni jingine. Wengi wanaofuata filamu nzima bila shida hukwama wakiambiwa waandike sentensi tano, au wajibu kwa ufasaha wanapoulizwa swali la kawaida. Ndipo inapoingia mbinu ambayo wanafunzi wa lugha duniani wameitumia kwa miaka mingi: kuchukua filamu au tamthiliya iliyo kwenye DVD, kuikata mstari kwa mstari, na kuugeuza kila mstari kuwa kadi ya marudio kwenye kompyuta au simu. Wapo wanaoisifu kana kwamba imemaliza kazi ya mwalimu. Wapo wanaoiona kuwa mchezo wa watu wanaotaka kusoma huku wakijiburudisha. Kila upande una hoja, lakini hoja nyingi kati ya hizo zilijengwa kwa lugha nyingine, hasa Kijapani na lugha za Ulaya. Kiswahili kina mazingira yake.

Mkanganyiko ulikoanzia

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imejaa matamko yaliyotangulia matayarisho. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini shule hazikupata walimu wala vitabu vya kutosha, na kwa wananchi wengi lugha ikabaki na harufu ya bunduki na vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna ambayo Bunge lingeelekeza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ukakiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya miaka miwili ya mwanzo. Julai 2022, Baraza la Mawaziri likaridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya lugha rasmi, na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Mahitaji, kwa hiyo, yamefika kabla ya walimu. Pengo la namna hiyo hujazwa na chochote kilicho karibu, na mpakani kilicho karibu ni filamu.

Kuna sababu ya pili ya mkanganyiko: watu huchanganya mambo matatu chini ya jina moja la "kujifunza kwa filamu". La kwanza ni kutazama tu. La pili ni kutazama filamu ya kigeni iliyosimuliwa upya, kazi ambayo Uganda inajulikana kwa ma-VJ kama VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiganda, Kenya kwa DJ Afro, na Tanzania kwa Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili ilitawala vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya huko, kwa miaka. La tatu ni kutengeneza kadi. Filamu iliyosimuliwa upya ni burudani kubwa, lakini ni malighafi duni ya kadi: sauti ya msimulizi hupita juu ya sauti za waigizaji, naye huongeza utani na maelezo yake, hata isijulikane mstari unaanzia wapi na kuishia wapi.

Jinsi diski inavyogeuka kadi

Msingi wa kadi za marudio ni wa zamani kuliko filamu yenye sauti. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe, vikionyesha kwamba mtu husahau kwa kasi saa chache baada ya kukariri, kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa huokoa kumbukumbu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya masanduku: kadi unayoikumbuka husogea sanduku la mbele na kurudiwa kwa nadra, unayoisahau hurudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Piotr Woźniak wa Poland aliikabidhi kompyuta hesabu hiyo kupitia programu ya SuperMemo. Anki, programu ya bure iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, ilitumia hesabu iliyotokana na ya Woźniak na kuifikisha kwa umma.

Filamu iliingia kupitia programu nyingine ndogo ya bure, subs2srs. Hii hupewa vitu viwili: filamu, na faili ya manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, yenye saa na sekunde ambayo kila mstari huanza na kuisha. Kwa kufuata saa hizo, programu hukata sauti ya kila mstari, huchukua picha moja ya tukio, na kuviambatanisha na maandishi. Mazao yake huingizwa ndani ya Anki, na kadi huwa tayari.

Chukulia tukio la mama aliyesimama mlangoni usiku akimkabili kijana wake. Upande wa mbele wa kadi una picha ya mama huyo na sauti ya sekunde mbili: "Ungeniambia mapema, nisingekusubiri." Mwanafunzi husikiliza, hujaribu kuitamka, kisha hugeuza. Nyuma hukuta maandishi, na akipenda, uchanganuzi wake: u-nge-ni-ambia, ni-si-nge-ku-subiri. Katika maneno matatu amekutana na nafsi mbili, sharti na ukanushi wake, na yambwa ndani ya kitenzi. Kitabu cha sarufi kingetumia kurasa kadhaa kufikisha hayo, na bado sauti ya mama aliyekasirika isingekuwemo.

Hoja za wanaoiunga mkono

Nguvu ya kwanza ni sikio. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni, na katika mazungumzo ya kasi viambishi humezwa. Mtu anayekijua kwa kusoma tu hupotea katika "hawajatuona" kabla hajamaliza kutenganisha "hawa", "ja" na "tu". Kurudia sauti halisi ya mtu halisi, mara nyingi, kwa nafasi zinazopanuka, hulainisha jambo hilo kuliko orodha yoyote ya msamiati.

Nguvu ya pili inahusu ngeli, na hapa Tororo ina mfano mzuri. Msamia au Mnyole huja na ngeli kutoka nyumbani: anayesema omundu na abandu haoni ajabu kwamba mtu huwa watu na kitenzi nacho hubadilika. Japadhola hana mtaji huo, kwa sababu Dhopadhola ni lugha ya Kinailoti, ndugu ya Kijaluo na Kiacholi. Wala Mteso hana. Kwao, kwamba kiti "kimevunjika", meza "imevunjika" na gari "limevunjika" ni kanuni ya kukariri. Kadi huwapa kanuni hiyo ikiwa imefungwa ndani ya sentensi, pamoja na uso wa aliyeitamka, na marudio huijenga mpaka sikio lenyewe likatae "kiti imevunjika".

Nguvu ya tatu ni gharama. Kompyuta huhitajika wakati wa kutengeneza tu. Baada ya hapo, AnkiDroid hufanya kazi bure kwenye simu ya Android bila bando, hivyo mtu anaweza kurudia kadi zake akiwa kwenye foleni ya forodha au akisubiri abiria.

Hoja za wanaoipinga

Pingamizi kubwa linahusu wingi. Filamu ya saa moja na nusu huweza kutoa mistari elfu moja. Kwa kadi mpya 20 kwa siku, kiwango ambacho Anki hukipanga yenyewe, filamu moja itachukua siku 50 kuingia yote, huku marudio ya kadi za nyuma yakirundikana. Na nyingi katika hizo elfu moja ni "Eh!", "Ndiyo", "Vipi kaka?" na "Toka hapa!" Mashine haijui kuchagua. Anayeikubalia kila ilichokata hujikuta akifanya kibarua cha kubonyeza vitufe, halafu huacha kila kitu.

Pingamizi la pili: mstari ukikatwa hupoteza uhai. "Haya" huweza kuwa ruhusa, amri, kukata tamaa au kejeli. Ndani ya filamu maana iko wazi. Ndani ya kadi ya sekunde moja hubaki kitendawili.

La tatu ni kuhusu kunena. Kuelewa kadi hakumfanyi mtu azungumze. Wanaisimu wamelijadili hilo kwa miongo: Stephen Krashen alisisitiza katika miaka ya 1980 kwamba lugha hujengwa kwa kusikia na kusoma yanayoeleweka, na Merrill Swain akajibu mwaka 1985, kwa kuwaangalia wanafunzi wa Kifaransa nchini Kanada, kwamba wasiolazimika kutunga wenyewe hubaki na mapengo hata baada ya miaka ya kusikia. Kadi za filamu ziko upande wa Krashen kwa maumbile yake. Upande wa Swain lazima utafutwe kwingine.

Na kuna hoja ya maudhui. Filamu nyingi huhusu mapenzi, mirathi, uchawi na ugomvi wa ndoa. Mfanyabiashara wa mahindi Busia anahitaji gunia, ratili, stakabadhi na "nipunguzie kidogo". Mtahiniwa anahitaji insha na ufahamu.

Kikwazo cha Kiswahili chenyewe

Pande zote mbili husahau swali la msingi: maandishi yatatoka wapi?

Anayejifunza Kijapani au Kifaransa kwa DVD hukuta manukuu ya lugha anayoitaka ndani ya diski au pengine popote. Hata hivyo kazi haiwi nyepesi sana, kwa kuwa DVD huhifadhi manukuu kama picha ndogondogo, na lazima programu izisome na kuzigeuza herufi ili kadi ipate maandishi halisi. Lakini angalau yapo.

Kwa filamu za Kiswahili, kwa kawaida hayapo. Filamu nyingi za Bongo, yaani za Tanzania, za enzi ya mwigizaji marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilitoka kwenye DVD zikiwa na manukuu ya Kiingereza. Sababu ni ya kibiashara: mwenye kujua Kiswahili hakuhitaji kusomewa, na manukuu yaliwekwa kwa mtazamaji wa nje. Isitoshe, mara nyingi maandishi hayo yamechomelewa ndani ya picha, hivyo hayawezi kutolewa peke yake. Na Kiingereza chake hufupisha, huruka, na wakati mwingine husema jambo jingine kabisa. Kadi itakayotengenezwa humo itakuwa na sauti ya Kiswahili na tafsiri isiyoaminika, bila neno hata moja la Kiswahili lililoandikwa. Kwa mtu ambaye udhaifu wake ni uandishi, hiyo ni nusu ya kadi.

Njia za kulikwepa tatizo zipo, na kila moja ina bei yake. Programu ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, husikiliza sauti na kuandika Kiswahili, lakini hukosea majina, lugha ya mitaani na vitenzi virefu. Mwanafunzi asiyeweza kuyaona makosa hayo atayakariri. Njia nyingine ni kutafuta filamu ambayo maneno yake yako karibu na kitabu. Filamu ya Jesus ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa vijijini kote Afrika Mashariki, imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya Injili ya Luka, hivyo mwenye Biblia ana pa kuanzia, ingawa maneno hayatafanana moja kwa moja. Njia ya tatu ni kuketi na kalamu na kuandika kila kinachosemwa.

Hiyo ya tatu ndiyo inayochosha zaidi. Ndiyo pia inayofundisha zaidi.

Kiswahili cha nani?

Kadi hurudia kile kile kwa miezi. Faida hiyo hugeuka hasara pale chanzo kinapokuwa kibaya kwa lengo la mwanafunzi. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ni kazi nzuri ya sanaa, lakini mazungumzo yake yamejaa Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi. Papa Shirandula, kichekesho cha Citizen TV ambacho mwigizaji wake mkuu alikuwa marehemu Charles Bukeko, aliyezikwa kwao Busia Julai 2020, kilipata mvuto wake kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya. Mtu wa mpakani atakielewa haraka, kwa kuwa ndicho anachokisikia sokoni. Lakini atakayekariri "ako wapi" na "vitu yangu" kwa kadi 300 atavikuta vimekatwa kwa wino mwekundu shuleni, ambako "yuko wapi" na "vitu vyangu" ndivyo vinavyotakiwa.

Filamu za Tanzania zina upatanisho wa kisarufi ulio karibu zaidi na wa vitabuni, pamoja na adabu ambayo mpakani haisikiki sana: mdogo humwamkia mkubwa "shikamoo" na kujibiwa "marahaba". Nazo zina misimu ya Dar es Salaam isiyovuka Kisumu. Hakuna chanzo kilicho safi. Kilichopo ni chanzo kinacholingana na haja: mwenye mtihani aelekee Tanzania, mwenye duka Busia achanganye.

Sheria na mkoba

Je, kukata filamu ya mtu ni halali? Nchi tatu zinazohusika zina sheria zake za hakimiliki: Tanzania ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001 na Uganda ya mwaka 2006. Sheria ya Uganda huruhusu, kwa masharti, matumizi ya binafsi na ya kufundishia. Anayenunua diski na kujitengenezea kadi zake yuko mahali pa salama zaidi kuliko anayesambaza au kuuza furushi la kadi lenye sauti na picha zote za filamu. Wasanii wa Bongo wameumia vya kutosha kwa nakala za kuchoma. Kuwageuza tena kuwa malighafi ya bure ya biashara ya mtu mwingine ni jambo gumu kulitetea. Kinachoweza kugawanwa kwa urahisi zaidi ni ujuzi wenyewe wa kutengeneza.

Kuhusu mkoba, diski yenyewe inaondoka. Kompyuta nyingi mpya hazina pa kuiingizia, na maduka yanayojaza filamu kwenye flash yamechukua nafasi yake. Kwa ufundi wa kadi hilo halibadilishi chochote, kwa kuwa programu huhitaji faili tu. Kwa haki za msanii linabadilisha, kwani filamu ya flash aghalabu haina risiti.

Kupima mizani

Kwa anayeanza kabisa, mbinu hii haifai. Asiyejua nafsi, nyakati na walau ngeli nne au tano ataona kila kadi ni kelele. Huyo aanze na mwalimu na kitabu.

Kwa aliye katikati, yaani yule anayefuata filamu lakini hawezi kuandika, faida ni kubwa kuliko hasara, mradi akubali kutupa kadi nyingi kuliko anazobakiza. Mstari unaostahili kuwa kadi ni ule alioukaribia kuuelewa, wenye jambo moja jipya. Dakika kumi za mazungumzo huweza kutoa kadi 30 hadi 40 za namna hiyo, na hizo zinatosha wiki nzima.

Kwa shule, mizani hubadilika tena, kwa sababu kikwazo cha manukuu hugeuka somo. Darasa likigawana dakika kumi, wawili wawili kwa dakika moja moja, kila kundi huandika linachosikia, hubishana kama ni "kimevunjika" au "kivunjike", na mwalimu husahihisha ubaoni kabla mstari haujawa kadi. Hapo pengo alilolionyesha Swain huanza kuzibwa, kwa kuwa wanafunzi wametunga, wamebishana na wamesahihishwa. Kadi inayofuata ni ya kulinda walichokwisha kujifunza. Mahali ambapo mwalimu hana uhakika, Busia ya Kenya iko jirani, na wapo walimu waliofundisha Kiswahili maisha yao yote.

Kwa mfanyabiashara, kadi za filamu ni ziada tu. Atapata zaidi kwa kurekodi sentensi 20 za biashara yake, zikisemwa na mtu anayemwamini, na kuziingiza kwenye programu ile ile.

Muhtasari

Kadi za filamu zinasimama juu ya misingi miwili iliyothibitika: marudio yaliyoachanishwa, na lugha halisi yenye sauti. Udhaifu wake ni wingi usiochujwa, mistari iliyong'olewa mahali pake, na ukimya wa mwanafunzi mwenyewe. Katika Kiswahili kuna udhaifu wa nne, ukosefu wa manukuu ya Kiswahili, unaomfanya mtu afanye kwa mkono kile ambacho mashine huwafanyia wanafunzi wa lugha nyingine. Rubongi na majirani zake wanaweza kukipunguza kikwazo hicho kwa sababu wana wasemaji karibu wa kusahihisha.

Atakayeanza na achague filamu moja anayoipenda, aandike dakika mbili za mazungumzo yake kwa kalamu, azipeleke kwa mwalimu wa Kiswahili zisahihishwe, kisha atengeneze kadi kumi. Akiona baada ya wiki mbili kwamba amezisahau, au kwamba haziingii katika mazungumzo yake, diski airudishe kwenye burudani, na muda wake aupeleke kwa watu wa kuzungumza nao.